Muhula mmoja Tübingen: mwongozo kwa mwanafunzi wa Moshi na Arusha

Tübingen ni mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, kando ya mto Neckar. Una wakazi wapatao 90,000, na chuo kikuu chake kina wanafunzi karibu 28,000. Chuo kilianzishwa 1477. Jengo la halmashauri pale sokoni ni la 1435, na mji wa kale ulinusurika mabomu ya Vita Kuu ya Pili, ndiyo maana vichochoro vyake bado ni vyembamba, vya mawe na vya kupanda na kushuka. Moshi na Tübingen ni miji dada tangu 2014, hivyo jina la Moshi si geni pale. Hilo halikupi viza, ila linarahisisha mazungumzo.

Anayetoka huku kwa mara ya kwanza huogopa vitu viwili: baridi na Kijerumani. Vyote viwili vina dawa. Kinachokwamisha watu ni anwani. Bila chumba hupati karatasi ya mwenye nyumba, bila karatasi hiyo hujiandikishi manispaa, bila kujiandikisha benki nyingi hazikufungulii akaunti, na bila akaunti pesa zako mwenyewe hazikufikii. Katika jiji kubwa unaweza kubahatisha chumba ukishafika. Katika mji mdogo wenye chuo kikubwa, Oktoba vyumba vimekwisha. Kwa hiyo mpangilio wote hapa chini unazunguka chumba.

Hatua ya 1: Anza mwaka mmoja kabla

Muhula wa baridi Ujerumani unaanza 1 Oktoba hadi 31 Machi, na vipindi huanza katikati ya Oktoba mpaka mwanzoni mwa Februari. Muhula wa kiangazi ni 1 Aprili hadi 30 Septemba, vipindi vikiwa katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Julai. Linganisha na kalenda ya chuo chako kabla ya kitu kingine chochote. Kwa vyuo vyetu vingi, muhula wa baridi ndio unaokaa vizuri zaidi juu ya muhula wa kwanza. Ukichagua wa kiangazi, utaondoka muhula wa pili ukiwa umeshaanza, na mitihani ya huku itafanyika ukiwa huko.

Kati ya Oktoba na Desemba, nenda ofisi ya ushirikiano wa kimataifa chuoni kwako, au kama haipo, kwa mkuu wa idara, ukaulize maswali matatu: kuna mkataba wa kubadilishana wanafunzi na chuo kipi, unahusu fani zipi, na nafasi ni ngapi kwa mwaka. Mkataba ni jambo zito. Mwanafunzi anayekwenda kwa mkataba halipi ada ile ya euro 1,500 kwa muhula ambayo jimbo la Baden-Württemberg, ambamo Tübingen imo, huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya. Analipa mchango wa muhula tu, ambao uko kati ya euro 150 na 200. Ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, hupitia humohumo kwenye mkataba; huombi peke yako kutoka nyumbani.

Vyuo vingi vya Ujerumani hufunga kupokea majina ya muhula wa baridi kati ya Aprili na Juni. Chuo chako ndicho kinachotuma jina lako. Jina lisipotumwa, hata ungekuwa na alama za namna gani, hujulikani.

Hatua ya 2: Nyoosha majina

Hapa ndipo Watanzania wengi wanapopoteza wiki sita bila sababu. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, NIDA wameandika herufi moja tofauti, na pasipoti inafuata NIDA. Kwa karani wa Kijerumani hao ni watu watatu. Panga vyeti vyote mezani kwa siku moja, usome herufi kwa herufi. Tofauti ndogo hutibiwa kwa kiapo cha wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo haipatikani kwa siku mbili.

Pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, unalipa kwa namba ya malipo, kisha unakwenda na karatasi zako ofisi ya mkoa, iwe Moshi au Arusha, kwa alama za vidole. Andaa namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa chako na cha mzazi mmoja au kiapo chake, na barua ya chuo inayoeleza safari. Ukipewa pasipoti, isome palepale dirishani kabla hujatia sahihi.

Hatua ya 3: Mkataba wa masomo

Hii ni karatasi ya kurasa chache yenye sahihi tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea. Inaonyesha kozi utakazosoma kule na zitahesabiwa kama kozi zipi huku. Ulaya wanahesabu kwa pointi za ECTS, 30 kwa muhula, 60 kwa mwaka. Vyuo vya Tanzania vinahesabu krediti 120 kwa mwaka. Kwa hiyo pointi moja ya ECTS ni sawa na krediti mbili zetu, kwa makadirio. Kozi ya ECTS 6 ichukulie kama krediti 12.

Jambo la kuafikiana kwa maandishi kabla hujaondoka ni alama. Ujerumani 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ndiyo kiwango cha mwisho cha kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Huku kwetu GPA ya 5.0 ndiyo kilele. Karani aliyechoka anaweza kukuingizia 1.3 kama ilivyo, na mwanafunzi aliyeng'ara akaonekana ameanguka. Omba jedwali la kubadilisha alama, lenye muhuri wa idara, uweke nakala kwenye barua pepe yako.

Angalia pia lugha ya kila kozi. Kozi za Kiingereza zipo, hasa ngazi ya uzamili, ila si kila fani. Kozi ya Kijerumani kwa kawaida inadai kiwango cha B2, na hicho hukipati kwa miezi mitatu. Kiwango cha A1 kinatosha kwa dukani na ofisini, na Goethe-Institut ya Dar es Salaam inafundisha na kutahini. Ukiwa na muda mchache, anza na namba, siku na saa.

Saa yenyewe ina mtego. Mjerumani akisema "halb drei", maana yake ni nusu kuelekea tatu, yaani 2:30, si 3:30. Kwetu hiyo ni saa nane na nusu mchana. Hesabu mara mbili: kwanza ondoa nusu saa, halafu geuza kwa saa za Kiswahili. Miadi iandike daima kwa tarakimu 24: 14:30. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, kwa sababu wanarudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Ukimpigia mama simu, hilo nalo litakuhusu.

Hatua ya 4: Chumba

Barua ya kukubaliwa ikifika, siku hiyohiyo omba chumba. Usisubiri viza. Hosteli nyingi za wanafunzi zinaendeshwa na Studierendenwerk Tübingen-Hohenheim, shirika la huduma za wanafunzi, na vyuo huwatengea wanafunzi wa kubadilishana sehemu ya vyumba, lakini mara nyingi lazima uweke alama kwenye fomu ya maombi kwamba unakihitaji. Kijisanduku kile kikiachwa wazi, hakuna atakayekuuliza tena. Kundi kubwa la hosteli liko Waldhäuser Ost, juu kilimani kaskazini mwa mji. Wenyeji wanapaita WHO. Si shirika la afya. Mabasi yanapanda huko.

Kabla ya kuchagua, jua fani yako iko wapi. Sheria, lugha na sayansi za jamii ziko bondeni, Wilhelmstraße na jirani. Sayansi za asili ziko Morgenstelle, juu kilimani. Hospitali nyingi za chuo nazo ziko upande wa juu. Ramani inaweza kukuonyesha kilomita moja na nusu, lakini kupanda kilomita hiyo mwezi wa kwanza, barafu ikiwa chini, si mchezo.

Chumba cha hosteli kwa kawaida ni euro 250 hadi 400 kwa mwezi. Chumba cha mtu binafsi huzidi hapo. Amana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu.

Matapeli wanaujua uhaba huu kuliko sisi. Hadithi yao ni ileile: picha nzuri, bei ya chini, mwenye nyumba yuko nchi nyingine kikazi, ufunguo utaletwa kwa posta ukishatuma amana. Hakuna mwenye nyumba wa kweli anayedai pesa kwa huduma ya kutuma fedha kabla ya mkataba. Kama chumba hujakiona, mwombe mwanafunzi aliyeko kule akakitazame, au mfanye simu ya video akiwa ndani ya chumba, afungue dirisha, akuonyeshe jina la mtaa.

Swali moja usiache kumuuliza yeyote anayekukodisha: "Utanipa Wohnungsgeberbestätigung?" Ndiyo karatasi ya mwenye nyumba tuliyoitaja mwanzo. Akisita, achana naye, hata kama chumba ni kizuri.

Hatua ya 5: Pesa na viza

Kwa muhula mzima unahitaji viza ya kitaifa, aina ya D. Ile ya Schengen ya siku 90 haifai na haigeuzwi ukishafika. Utarudishwa kuanza upya. Ada ni euro 75. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, Dar es Salaam, na orodha ya karatasi iko kwenye tovuti yake. Ipakue upya wiki ya maombi, usitegemee ile ya mwenzako wa mwaka jana.

Ubalozi unataka kuona utaishije. Kiwango kinachotumika tangu Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Kwa miezi sita ni 5,952. Njia ni mbili za kawaida: barua ya ufadhili inayotaja kiasi kwa mwezi na idadi ya miezi, au akaunti ya kuzuia, "Sperrkonto", ambayo unaijaza ukiwa nyumbani kisha inakufungulia fungu kila mwezi. Barua isiyotaja kiasi, ile ya "mwanafunzi huyu atafadhiliwa", haina thamani. Na ufadhili ukiwa chini ya 992, jiandae kuulizwa pengo utalizibaje.

Omba miadi mapema. Baadhi ya mafaili hutumwa hadi ofisi ya wageni ya mji unaokwenda ili watoe ridhaa, ndiyo maana jibu linaweza kuchukua wiki sita hadi kumi na mbili. Kwa safari ya Oktoba, lenga faili liwe limewasilishwa Juni. Kutoka Moshi au Arusha, basi linakula siku nzima, na stendi ya Magufuli iko Mbezi, mbali na katikati ya jiji. Lala Dar usiku wa kuamkia miadi. Kupanda basi la usiku kwa matumaini ya kufika ubalozini saa tatu ni kamari.

Viza ikitoka, itazame mambo mawili: tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ikitosha mpaka mwisho wa muhula, hutahitaji kibali cha ukaazi kule. Isipotosha, weka miadi ya ofisi ya wageni wiki ya kwanza ukifika, kwa sababu foleni yao inaweza kuzidi uhai wa viza.

Hatua ya 6: Mzigo

Nguo za baridi usinunue mpya. Memorial pale Moshi unapata koti la sufu, sweta na fulana za kubana za ndani kwa bei ambayo Ulaya ni bei ya chakula cha mchana. Mji unaoishi kwa wapanda mlima haukosi jaketi la maana. Pitia pia vifaa vilivyotumika vya wapagazi na waongozaji. Kitu cha kutazama kwenye koti ni zipu, kofia na kama linafika chini ya kiuno. Viatu viwe na soli ya mpira yenye meno. Soli laini ya ngozi kwenye mawe ya mji wa kale, mvua ikinyesha, itakulaza chini. Januari joto huzunguka sifuri, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Giza hilo linachosha kuliko baridi, na watu hawakuambii.

Vyakula: nyama na maziwa ya aina yoyote kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi, hata ukiwa umevipika. Kwa hiyo kiburu chenye maziwa, nyama iliyokaushwa na siagi ya nyumbani viache. Matunda na mboga mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa aina tano: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Ndiyo, ndizi za mshare zinapita. Unga wa dona uwe kwenye paketi iliyofungwa kiwandani yenye maandishi; unga mweupe kwenye mfuko wa rambo usio na jina ni kujitafutia maswali. Kahawa ya zawadi iwe imekaangwa, nusu kilo inatosha.

Chukua euro taslimu 1,200 hadi 1,500 za mwezi wa kwanza, kwa noti za 20 na 50. Fungu la kwanza la ufadhili hungoja akaunti ya kule, na akaunti inangoja anwani. Ziulizie benki wiki mbili kabla. Si kila siku tawi lina euro. Laini yako ya Tanzania nenda nayo ikiwa na salio, maana namba za siri za benki na M-Pesa zinatumwa huko.

Hatua ya 7: Siku kumi na nne za kwanza

Kutoka KIA utabadilisha ndege mahali kama Addis Ababa, Doha au Amsterdam. Uwanja ulio karibu na Tübingen ni wa Stuttgart. Ukitua Frankfurt, panda treni hadi Stuttgart kisha ubadilishe. Karatasi zote za asili zikae kwenye begi la mkononi.

Ukifika, fuata mfululizo huu bila kuruka:

1. Chukua ufunguo na ile karatasi ya mwenye nyumba. Piga picha kila mkwaruzo wa chumba siku hiyohiyo, kabla hujafungua begi.
2. Jiandikishe manispaa. Sheria inatoa wiki mbili tangu kuhamia. Beba pasipoti na karatasi hiyo.
3. Bima ya afya. Tanzania haina makubaliano ya bima na Ujerumani, hivyo kadi yako ya huku haitambuliki. Bima ya umma kwa mwanafunzi wa chini ya miaka 30 inazidi euro 140 kwa mwezi. Bila uthibitisho wake chuo hakikusajili.
4. Sajili chuoni, lipa mchango, upate kadi ya mwanafunzi. Kadi hiyo ndiyo inayokupa bei ya mwanafunzi kwenye kantini ya chuo, "Mensa".
5. Fungua akaunti, kisha peleka namba yake kwa wanaotoa ufadhili au kwa wenye akaunti yako ya kuzuia.

Andika anwani kamili: mtaa, namba ya nyumba, namba ya chumba, namba ya posta. Sisi tumezoea sanduku la posta la baba au la kanisa. Kule barua inakuja mlangoni, na jina lako lisipokuwa kwenye kisanduku cha barua, postamani anaondoka nayo. Bandika jina siku ya kwanza, hata kwa selotepu.

Darasani na nyumbani

Ratiba ikiandikwa "10 c.t.", kipindi kinaanza 10:15. Ikiandikwa "s.t.", kinaanza 10:00 kamili. Kozi unachagua kwenye mfumo wa mtandaoni wa chuo uitwao alma, na vitini viko kwenye mwingine uitwao ILIAS. Kosa la bei mbaya ni kudhani kuhudhuria kunatosha: mtihani unajiandikishia peke yake, kwa tarehe yake ya mwisho. Usipojiandikisha, unakaa chumba cha mtihani bure. Na kozi za semina hazina mtihani. Zina insha ndefu ambayo mara nyingi inadaiwa Machi, wewe ukiwa umesharudi. Mwulize mwalimu Novemba kama unaweza kuikabidhi kwa barua pepe.

Kwenye nyumba, jambo la kwanza ni hewa. Kifundo cha kipasha joto kina namba 1 hadi 5. 3 ni kama nyuzi 20. Watu wetu hufunga dirisha miezi mitano, wakaanika nguo ndani, kisha ukungu mweusi unaota pembeni mwa dirisha, na amana inaliwa. Fungua dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, kipasha joto kikiwa kimezimwa. Kuliacha nusu wazi mchana kutwa kunapoza ukuta, na ukuta baridi ndio unaoota ukungu.

Taka zinatenganishwa: mabaki ya chakula, karatasi, vifungashio, na zinazobaki. Chupa za plastiki za kutumia mara moja na makopo yana amana ya senti 25. Rudisha kwenye mashine dukani. Tangu 2022 mji huu unatoza kodi ya vifungashio vya kutumia mara moja, senti 50 kwa kikombe au sahani, 20 kwa kijiko au uma, hivyo tembea na kikombe chako. Ukikuta kibao kidogo kimetundikwa mlangoni, "Kehrwoche", wiki hiyo zamu ya kufagia ngazi ni yako. Ni desturi ya Waswabi, na wanaichukulia kwa uzito ule tunaouweka kwenye msaragambo. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo unga na mafuta vinunuliwe Jumamosi. Baada ya saa nne usiku, muziki chini.

Kazi ya kipato inaruhusiwa siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Usiipangie bajeti ya kuishi.

Kuondoka

Toa taarifa ya kuacha chumba kwa maandishi ukitazama muda uliotajwa kwenye mkataba. Jiondoe manispaa wiki ya mwisho, uchukue karatasi yake. Ndiyo inayokusaidia kusitisha bima na ile tozo ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Omba orodha ya alama itumwe moja kwa moja kwa msajili wa chuo chako. Akaunti ya benki usiifunge siku ya safari: amana ya chumba inaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi, na wengi huirudisha kwa akaunti ya Ulaya tu.